Mguu wa Fundi Cherehani

Mtu akiniambia klachi niliyoifunga kwa mikono yangu imekufa kabla haijazeeka, huwa sianzi kwa kumpa pole. Namuuliza kwanza nani alikuwa anaendesha. Hapa Kenya, mtaa wetu, na Lubumbashi nzima, watu wanapenda kumlaumu fundi: gari likikohoa ni fundi, likishindwa mlima ni fundi, bwana harusi akichelewa kanisani ni fundi. Mimi Chishimba nimechoka na hayo. Klachi yangu haifi yenyewe. Kuna mtu anaiua.

Kwa hiyo Mama Honorine, anayeuza samaki wakavu wa Kasenga kwenye kona yetu, alipokuja karakana kuniambia Celica ya marehemu Yassine haiingii gia, damu ilinichemka kabla hajamaliza. Klachi ya gari lile niliifunga mimi, mpya yote, muda mfupi tu kabla Yassine hajafa. Tangu siku aliyozikwa, gari lilikuwa limesimama uani kwake. Mjane wake, Fatouma, alikaa eda ndani ya nyumba, na gari likakaa eda yake pale nje, kwenye mvua. Sasa eda imekwisha, na klachi imekufa. Nikamuuliza Honorine nani amechezea gari.

Honorine alitazama pembeni. Alisema swali hilohilo ndilo limeleta balaa. Amadi, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amekuja kuchukua gari la ndugu yake. Injini iliwaka vizuri, lakini kila alipojaribu gia, chuma kililia na gari likabaki palepale. Amadi akasema klachi mpya haiwezi kufa kwenye gari lililolala. Maana yake gari halikulala. Fatouma alivunja eda akatoka nalo, na kwa kuwa hajui kuendesha, basi kuna mwanamume aliyekuwa akimwendesha. Ushahidi alikuwa nao: majirani walisikia injini ikinguruma uani kila siku baada ya alasiri, na wa kwanza kulisema hilo alikuwa Honorine mwenyewe, na mdomo wake usio na mlango.

Amadi hakuishia kwenye maneno. Alimchukua Imani, mtoto pekee wa Fatouma, msichana mdogo ambaye hata shule hajaanza, akampeleka nyumbani kwake. Alisema mtoto wa Yassine hawezi kulelewa na mwanamke aliyeshindwa kumheshimu mumewe hata kaburi halijakauka. Fatouma akalia mpaka sauti ikamkauka, na Amadi hakugeuka.

"Weye njo banangojea," Honorine aliniambia. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani kwa aibu. "Ukisema ambrayage ilikufa juu ya kutembea, Imani harudie tena kwa mama yake."

Nikaona shimo nililochimbiwa. Kama klachi, hiyo ambrayage yake, imekufa kwa sababu niliifunga vibaya, jina langu limekwisha, na hapa jina la fundi ndilo chakula chake. Kama imekufa kwa kuendeshwa, yule mama amempoteza mtoto. Niligeuza jambo lile kichwani huku na huku, na sikuona njia ya tatu. Ukweli ni kwamba nilianza kumkasirikia Fatouma, ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Niseme kidogo kuhusu Yassine, kwa sababu bila kumjua hutaelewa kilichotokea. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa asili ya Maniema, mpole, msafi kupita kiasi, mwenye duka karibu na soko. Celica ile, ya miaka ya sabini, ya milango miwili na pua ndefu, ilikuja kwa njia ya Kasumbalesa kutoka Zambia, usukani upande wa kulia, na aliipenda kama mtu anavyompenda mtoto mtundu. Kila siku baada ya kuswali alasiri alikuwa akiiwasha, anaiacha ipate joto, kisha anampakia Imani na kuzunguka naye mitaani. Kabla ya kutoka getini alimpigia mkewe honi moja fupi. Alikufa dukani ghafla, kichwa juu ya mashine, na nguo ya mteja bado iko chini ya sindano.

Sasa, Yassine alikuwa na kosa moja ambalo ni la mafundi cherehani peke yao. Maisha yake yote mguu wake ulizoea mashine ya kukanyaga. Akikaa kwenye gari, mguu wa kushoto haukutulia. Hakukanyaga pedali ya klachi mara moja kama watu wengine. Aliichezesha, chini juu, chini juu, vipande vifupi vya haraka, kama anashona mkanda wa suruali. Nilimgombeza mara nyingi. Nilimwambia unakula klachi yangu bila chumvi. Alicheka akasema mguu haumsikii.

Kwetu sisi mafundi wa Kenya, gari lenye ugomvi halifunguliwi karakana. Linafunguliwa palepale lilipo, pande zote mbili zikiwa zimekaa zinatazama. Kila kipande kinawekwa juu ya gunia kwa mpango kilivyotoka, na fundi hatamki neno mpaka cha mwisho kitoke. Akishatamka, ametamka, hawezi kurudi kesho na maneno mengine. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia, na ndivyo watu wanavyotuamini hata wakati wanatutukana.

Nilifika kwa Fatouma na vyombo vyangu kwenye mkokoteni, baada ya adhuhuri. Mvua za mwaka zilikuwa zinaisha, na udongo mwekundu wa uani ulikuwa umeanza kupasuka. Amadi alikuwa amekaa kwenye kiti, kanzu safi, tasbihi mkononi, uso umefungwa. Honorine alikaa karibu na ukuta. Fatouma alikaa kwenye mkeka mlangoni, amekonda, mikono imelala magotini kama si yake. Aliniamkia kwa heshima, akaniita Papa fundi.

Gari lilikuwa limegeuza pua getini, kama Yassine alivyokuwa akiliacha siku zote. Nililitazama magurudumu kwanza. Yalikuwa yamezama kwenye udongo, na majani yalikuwa yameota kuyazunguka pande zote. Nilitaka kusema kitu, nikakumbuka sheria, nikaufunga mdomo. Amadi angesema magugu yanaota haraka wakati wa mvua, na kweli yanaota haraka.

Nilichukua ufunguo kwa Amadi, aliyekuwa nao tangu maziko. Mwenyewe alikuwa akidai kuna wa pili umefichwa. Nikawasha. Injini ikaitika mara moja. Nilikanyaga klachi mpaka chini, nikajaribu gia ya kwanza, na giaboksi ikalia kilio kinachouma meno. Nikazima. Injini ikiwa imezimwa, gia zote ziliingia laini kabisa. Maana yake giaboksi haina kosa. Kosa ni kwamba ukikanyaga, klachi haiachii. Injini na magurudumu vinabaki vimeshikana, na hakuna gia inayoweza kuingia.

Nikaangalia mafuta ya klachi kwenye kikopo chake. Yamejaa, safi, hakuna tone lililovuja. Nikaingia chini ya gari nikalala chali, nikamwomba Amadi apande akanyage pedali nikisema. Pale pembeni ya giaboksi kuna silinda ndogo yenye kijiti cha chuma. Mguu ukikanyaga juu, kijiti kinasukuma huku chini. Nikasema kanyaga. Kijiti kikaja chote, taratibu, kwa uzito wa mguu wa mtu mnene. Nikasema achia, kikarudi. Basi ugonjwa haukuwa nje. Ulikuwa ndani, na lazima giaboksi ishuke.

Nikabaki pale chini natafuta boliti ya kwanza kwa kidole. Kijiti kikaanza tena kucheza. Safari hii hakikuja chote. Kilikuja kidogo na kurudi, kidogo na kurudi, haraka haraka, kwa vipande vifupi vilivyolingana. Nilikasirika. Nikapiga kelele kumwambia Amadi aache utoto, kuna vidole vyangu huku.

Amadi alinijibu kutoka mbali. Alikuwa amesharudi kwenye kiti chake kando ya ukuta, na kutoka pale chini niliziona ndala zake, zote mbili, zimetulia juu ya udongo. Kijiti kikacheza mara chache zaidi, kikasimama.

Nilijiambia ni hewa kwenye bomba. Hewa kwenye bomba haifanyi hivyo, na mimi ndiye wa mwisho wa kudanganywa kuhusu jambo hilo, lakini mtu aliyelala chini ya gari anahitaji kuamini kitu. Nikatoka kule chini nikajifanya nakwenda kukata betri, ambayo ni kazi ya kwanza kabla ya kushusha giaboksi, na kusema kweli nilitaka kusimama juani.

Nikafungua boneti. Hapo ndipo nilipoona jambo la pili. Vyuma vya kubana betri vilikuwa vimekazwa juzi tu. Vinang'aa, wakati kila kitu kingine kina vumbi na ukungu wa mvua. Nilipoinyanyua betri, chini yake, kwenye kile kisahani chake, kulikuwa na nyumba ya nyigu, ile ya udongo, imepondwapondwa bapa. Nyigu hawajengi chini ya betri. Wanajenga mahali pakavu penye uwazi, na wanajenga kwa muda mrefu. Nilimtazama Amadi. Alikuwa akiitazama mikono yangu, na tasbihi ilikuwa imeacha kusogea. Nikaiweka betri chini polepole, nikaendelea na kazi.

Kushusha giaboksi ya Celica peke yako, juu ya magogo na rimu za lori, si mchezo. Nilitukana chini chini, nikaumia kiwiko, nikatukana tena. Shafti ndefu ikatoka, starta ikatoka, boliti moja baada ya nyingine zikaenda kwenye gunia kwa mpango wake. Watoto wa jirani walichungulia ukutani wakizihesabu. Mwisho giaboksi ikanilalia kifuani, nikaishusha, na klachi ikawa wazi mbele yangu.

Nilifungua sahani, nikatoa diski. Nikaiangalia mara moja, nikaiangalia tena, nikatoka nayo juani. Diski ilikuwa mpya. Mistari ya kiwandani ilikuwa bado inaonekana, na pembeni ile alama ya chaki niliyoichora mwenyewe siku ya kufunga haikuwa imefutika. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nilitaka kuwaambia wote pale pale. Kisha nikatoa bute, na furaha ikakatika.

Bute ni beringi ndogo, unaweza kuishika kwa mkono mmoja. Kazi yake ni moja: mguu ukikanyaga pedali, inazunguka na kusukuma klachi iachie. Mguu ukiondoka, inapumzika. Gari likienda safari ndefu, bute inafanya kazi kidogo mno. Diski ndiyo inayoliwa. Hapa ilikuwa kinyume. Diski bikira, na bute imekwisha kabisa. Golori zake zilikuwa zimegeuka unga, uso wake umeliwa mpaka umekuwa wembe, na vidole vya sahani vilikuwa vimeungua rangi ya buluu. Ule uma wa chuma unaoisukuma ulikuwa umelika mahali pamoja padogo, pakang'aa kama kioo, kwa mikanyago mifupi isiyo na idadi. Nilikuwa nimeuona mng'ao ule mara moja tu maishani, kwenye klachi ya zamani ya gari hilohilo, nilipoibadilisha.

Niliweka kila kitu kwenye gunia. Nikafuta mikono. Nilikuwa na maneno ya kusema, na nilijua nikiyasema hayatarudi.

"Hii motokari haikutoka," nilisema. "Disque iko mupya, kila muntu aangalie. Njo bute ilikufa. Muntu alikuwa anakanyaga, moteur inawaka, saa na saa, lakini motokari inabakia tu pale pale."

Honorine alishika kichwa akaanza kumshukuru Mungu. Fatouma hakutikisika. Amadi alikuja akainama juu ya gunia, akaishika diski, akapitisha kidole kwenye alama ya chaki. Alikuwa mfanyabiashara, si mjinga, alielewa. Lakini akakaza sura. Alisema hilo halimsafishi mtu. Kama gari halikutoka, basi Fatouma alikuwa akikaa humo ndani na mwanamume, injini inanguruma, mumewe hajapoa kaburini. Aliyasema hayo huku sauti inamtetemeka, na hapo nikajua hayaamini.

"Papa Amadi," nikamwambia, "ile batterie uliitosha lini?"

Nilikuwa namuuliza siku aliyoitoa, naye akaitazama tasbihi yake. Nilimwonyesha nyumba ya nyigu iliyopondwa, nikamweleza Fatouma na Honorine maana yake: kwa muda wote wa eda, gari lile halikuwa na betri. Amadi alirudi kwenye kiti akakaa kwa kishindo. Alikiri kwamba aliitoa kesho yake ya maziko, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, akaipeleka dukani kwake kwa ajili ya taa, kwa sababu umeme unakatika kila jioni. Aliirudisha siku aliyokuja kuchukua gari. Hakumwambia mtu kwa kuwa aliona aibu.

Fatouma ndipo alipoinua uso. Alimwambia shemeji yake, kwa sauti ya chini bila hasira, kwamba basi alijua. Alijua tangu mwanzo kwamba gari haliwezi kuwaka, na bado akamchukulia mtoto.

"Miye mwenyewe nilisikiaka," Amadi alisema. "Siku moya nilikuya kukusalimia, nikasimama pale inje. Moteur ya Yassine ilikuwa inawaka. Na batterie ilikuwa ku magasin yangu. Kama haiko weye, ni nani? Nilitaka ikuwe weye."

Sijawahi kumwona mtu mzima amevuliwa namna ile. Yule mtu alimsingizia mke wa ndugu yake zinaa kwa sababu zinaa ilikuwa jambo dogo kuliko lile lingine. Nilitaka kumtukana. Nimewatukana watu kwa makosa madogo zaidi. Lakini nilikumbuka kile kijiti kilivyocheza mbele ya pua yangu, na mimi nilivyoyakimbilia maneno ya hewa kwenye bomba, nikaokota kitambaa nikafuta mikono tena.

Fatouma alisimama. Alilisogelea gari akaweka mkono juu ya paa, mahali pa dereva.

"Haiko mubaya," alisema. "Kila siku anataka kutoka. Vitesse inamukatalia. Namusikia vile anajaribu, anajaribu, mpaka anachoka."

Alitueleza kwamba alimsikia akipambana na gia tangu siku za mwanzo, akiwa nyuma ya pazia. Mwanzoni aliogopa. Baadaye akawa anaingoja alasiri. Alikuwa akikaa kwenye mkeka upande wa ndani wa ukuta, amefunga macho, anasikiliza mguu ule unavyoshona, na ile saa moja ya siku haikuwa na ujane ndani yake. Hakumwambia mtu kwa sababu wangemwita kichaa. Hata Amadi alipomchukua mtoto, hakuona jinsi ya kusema kwamba mwanamume aliyekuwa uani ni mumewe.

Amadi alimwomba msamaha palepale, mbele yetu, na nadhani alimaanisha. Alisema jina la Fatouma amelisafisha, na yeyote atakayemsema vibaya atapambana naye. Lakini kuhusu Imani alikataa. Alisema hawezi kumrudisha mtoto kwenye ua ambao marehemu anawasha gari. Mtoto alikuwa amezoea kupakiwa saa hiyohiyo. Akisikia injini atakimbia akapande, na nani ajuaye atakwenda wapi. Lile linalowasha gari liondoke kwanza, kisha mtoto arudi. Hata mimi nisingemleta mtoto wangu.

Sote tukamtazama Fatouma. Alikuwa bado ameweka mkono juu ya paa. Aliipapasa bati kidogo, kama mtu anayenyoosha kitambaa, kisha akaniambia nitengeneze.

"Utengeneze muzuri, Papa fundi," aliongeza. "Asirudie tena kushindwa."

Siku iliyofuata nilikwenda kutafuta bute mpya kwa wauza vipuri wa karibu na soko. Nikaipata, na uma mwingine pia, na sahani, kwa sababu ile iliyoungua nisingeirudisha. Sijawahi kufunga klachi kwa uangalifu ule. Nilipaka grisi mahali panapostahili na kupangusa mahali pasipostahili, nikapima, nikakaza, nikapima tena. Kila boliti iliyoingia nilijua inamfukuza mtu, na kila nilipomtazama Fatouma alikuwa pale mkekani akiniangalia, hasemi niharakishe wala nipunguze.

Kazi ilipokwisha nilifunga betri, nikawasha, nikakanyaga. Gia ya kwanza iliingia bila sauti. Nikatoka getini, nikazunguka mtaa, nikarudi, nikaegesha pua ikitazama geti kama ilivyokuwa. Kisha nikatoa betri. Hakuna aliyeniagiza, ni ukaidi wangu tu, nilitaka kumnasa yeyote anayetuchezea. Niliibeba mpaka kwenye meza ya Honorine nje barabarani, nikaiweka katikati ya samaki wake, nikamwambia asiiondolee macho. Aliifunika na kitenge kana kwamba ingeruka.

Boneti niliiacha wazi. Geti Fatouma alilifungua mwenyewe, mabawa yote mawili. Amadi alikuja baada ya kuswali, akasimama nje kabisa, katikati ya barabara, akasema yeye hasogei hapo. Mtu akifa amekufa, yuko kwa Mungu, na marehemu hawaendeshi magari. Nadhani alikuwa akijiambia mwenyewe.

Jua lilikuwa bado kali. Jirani fulani alikuwa anatwanga. Mimi nilisimama mbele ya boneti, macho kwenye feni ya injini, na nilikuwa nikiomba, mimi ambaye kanisani naenda kwenye harusi tu.

Injini ikawaka.

Feni haikuzunguka. Mkanda haukutikisika. Nilikuwa nimesogea karibu kiasi cha kunusa vumbi la ule mkanda, na hakuna chuma hata kimoja kilichosogea, lakini sauti ilikuwa pale, imejaa uani, ile sauti nzito kidogo ya Celica ambayo ningeijua hata usingizini. Nilitazama kupitia kioo. Pedali ya klachi ilikuwa ikishuka na kupanda, vipande vifupi vya haraka, inashona. Yule jirani aliacha kutwanga.

Kisha pedali ikashuka mpaka chini, ikakaa. Nilibana meno nikingoja kile kilio. Hakikuja. Nilisikia tu mlio mdogo wa gia inapoingia mahali pake, laini, kazi safi, na hata kwa hofu ile fundi ndani yangu alifurahi. Pedali ikapanda taratibu.

Gari halikusogea. Sauti ndiyo iliyosogea. Ilinipita pembeni, karibu sana, na upepo wake ukanipiga suruali, ikaelekea getini. Amadi alikuwa palepale katikati ya barabara. Nilimwona akigeuza kichwa, akakusanya kanzu yake kwa mkono mmoja, akaruka pembeni kama mtu yeyote anavyolipisha gari. Sauti ikageuka kushoto, ikabadilisha gia, ikabadilisha tena, ikashuka na mtaa mpaka ikachanganyika na teksi basi za huko barabara kubwa, na hatukuisikia tena.

Mwishowe Fatouma alitembea mpaka getini, akamwambia Amadi amlete mtoto. Hakumwambia kwa ukali. Amadi alikwenda mbio, kanzu bado ameikunja mkononi, na sikuwahi kumwona mtu wa rika lake akikimbia vile.

Nilianza kukusanya spana zangu kwa kukosa la kufanya. Fatouma alirudi akasimama kando yangu, akitazama barabara iliyokuwa tupu.

"Hata klaxon," alisema. "Hakunipigia."

Ndipo alipolia, kwa sauti, kama siku ya msiba. Nilitaka kumwambia betri haikuwepo, honi isingelia, na nikaona upuuzi wangu, nikamwacha. Alilia mpaka tukasikia miguu midogo inakimbia nje ya ukuta. Alikwenda haraka kwenye ndoo ya maji, akanawa uso mara mbili, akajifuta na ncha ya kitenge, kwa sababu Imani alikuwa keshafika getini.